Machela Huchaguliwa kwa Vidole

Anayetaka machela ya bustanini, ile bembea ya kulalia inayofungwa kati ya miti miwili, huanza na macho. Hutazama rangi, huiona tayari ikining'inia chini ya mwembe wake, kisha huuliza bei. Ningemwomba afumbe macho kwanza na kuipitisha mikononi, kuanzia kitanzi cha ncha moja hadi kitanzi cha ncha ya pili. Wingi wa nyuzi, udogo wa macho ya wavu, unene wa pindo, ulaini au ukavu wa uzi: hayo vidole huyajua mapema, na ndiyo yanayoamua kama mtu atalala saa mbili akaamka mzima, au atainuka baada ya dakika kumi akiwa na mistari mgongoni.

Machela ni kazi ya mkono inayodharauliwa kirahisi. Ikiwa imekunjwa dukani, ni fungu la nyuzi tu. Haina ubao uliochongwa, haina msumari, haina chochote cha kumfanya mpita njia asimame na kusifu. Kila kilichomo ni uzi na ujuzi, na ujuzi wenyewe umejificha ndani ya uzi. Kwa hiyo njia ya uhakika ya kujua kuchagua ni kujua kwanza inavyofumwa, na pa kulitazama jambo hilo ni Yucatán, rasi ya kusini-mashariki mwa Meksiko, ambako machela ndiyo kitanda cha nyumbani.

Yucatán ni nchi tambarare ya mawe ya chokaa, yenye joto na unyevu ambao mtu wa Tanga au Mombasa angeutambua mara moja. Katika hewa kama hiyo godoro hushika jasho na kulirudisha mgongoni. Machela hupitisha upepo juu na chini ya mlalaji, humweka mbali na nge na wadudu wa sakafuni, na kukipambazuka huinuliwa ikatundikwa pembeni, chumba kikawa cha kukaa. Nyumba za Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán, huwa na kulabu za machela ukutani, na vyumba vingi vya hoteli vinazo pia.

Hata hivyo, inaelekea Wamaya, wenyeji wa Yucatán, hawakuanza nayo. Padri Mhispania Diego de Landa, aliyeandika habari za nchi hiyo miaka ya 1560, aliwaeleza wenyeji wakilala juu ya vitanda vya fito vilivyotandikwa mikeka, na mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Machela ilikuwa ya visiwa vya Karibi. Mwaka 1492 Christopher Columbus aliwakuta watu wa visiwa hivyo wakilala katika nyavu za pamba, na kutoka huko ndiko wengi wanakoamini ilifika kwa Wamaya. Walichokifanya baada ya kuipokea ndicho kinachonivutia. Waliichukua kazi ya jirani, wakaifikiria upya uzi kwa uzi, hadi leo anayetaka kujua machela inaweza kufika wapi kwa ubora huelekezwa kwao.

Huelekezwa hasa Tixkokob, mji mdogo ulio kama kilomita 25 mashariki mwa Mérida. Huko na katika vijiji vya jirani kazi hufanyika nyumbani, uani au barazani, kati ya kupika na kufua, kati ya kumbembeleza mtoto na kumsubiri mgeni. Wafumaji wengi ni wanawake, ingawa wanaume nao wapo, na wafungwa katika magereza ya jimbo hilo hufuma vilevile ili kupata chochote cha kupeleka kwao. Hakuna kiwanda cha kutembelea. Kuna kiunzi kimoja kilichoegemezwa ukutani, na mtu aliyesimama mbele yake.

Kiunzi chenyewe ni nguzo mbili za mti zilizosimama wima, zimeshikwa na vipande viwili vya mlalo, kimoja juu na kimoja chini. Nguzo husogezwa, na umbali kati yake ndio unaopanga urefu wa wavu. Mfumaji akizisogeza kwa upana wa kiganja, amekwisha kubadili kimo cha mtu atakayelala humo. Chombo cha pili ni sindano bapa ya mti iliyozungushiwa uzi, ya ukoo mmoja na sindano ya nyavu anayoishika mvuvi wa Kunduchi au Kizimkazi. Hivyo viwili vinatosha.

Kazi huanza na pindo. Kamba nene zaidi huzungushwa kwenye nguzo hizo, kadhaa pamoja, kwa sababu ukingo ndio utakaoshikwa na kukaliwa kila mtu anapoingia na kutoka. Kisha unafuata uzi mwembamba. Unatoka nguzo ya kushoto kwenda ya kulia, na njiani unajipinda na uzi uliotangulia, unaushika, unauachia, unaushika tena mbele kidogo. Ukifika nguzo ya pili unazunguka na kurudi, na safu ya kurudi inashikana na safu ya kwenda. Hapa hakuna mtande na mshindio kama katika nguo ya mfumi, wala hakuna fundo kama katika jarife. Nyuzi zimeshikana kwa kupindana tu. Macho ya wavu hujitokeza yenyewe, marefu kidogo, yenye pembe nne, na kwa kuwa hayakufungwa, kila moja linaweza kutanuka upande huu na kubana upande ule kadiri linavyobeba.

Hapa ndipo pa kusimama na kuutazama ujuzi huu kwa utulivu. Mvuvi anahitaji fundo. Jicho la wavu wake lazima libaki na ukubwa uleule, samaki mdogo apite na mkubwa abaki, na fundo ndilo linalolinda kipimo hicho. Mlalaji anahitaji kinyume chake. Bega lake ni zito kuliko shingo, nyonga ni nzito kuliko kiuno, naye hugeuka mara kwa mara usiku kucha. Wavu wake lazima ukubali kubadilika kila anapogeuka. Fundo halibadiliki. Hukaa mahali pake na kusukuma ngozi. Msokoto husogea: bega likizama, nyuzi za jirani huteleza kidogo na kuja kusaidia, mzigo ukagawanywa kwa nyuzi nyingi bila yeyote kuamuru. Aliyekwisha kulala katika machela ya mafundo na baadaye akalala katika hii ya misokoto hahitaji kuelezwa tofauti yake.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza la kupapasa, ukiwa umefumba macho, ni mafundo. Pitisha kiganja katikati ya wavu. Uzi ulioisha kwenye sindano lazima uungwe na mwingine, kwa hiyo utakutana na kiungo hapa na pale, kidogo na kilichobanwa vizuri. Ukikutana na fundo katika kila jicho, umeshika wavu wa mvuvi uliobadilishiwa kazi. Utabeba uzito bila shida, na kwa kuwaachia watoto wabembee unafaa, lakini si wa kulalia mchana mzima.

Jambo la pili ni ukazo. Mfumaji hana mizani wala rula ya kumwambia avute kiasi gani. Anavuta kila safu kwa nguvu ileile aliyoivutia safu iliyotangulia, leo, kesho na wiki ijayo, akiwa na furaha au amechoka, na nguvu hiyo inakaa mkononi mwake tu. Mkono ukilegea, wavu hulegea mahali hapo, na machela iliyotungikwa itaonyesha tumbo upande mmoja. Itandaze, iinue kwenye mwanga, utazame macho yake kutoka pindo hadi pindo. Yakiwa madogo na yanalingana, umeona subira ya mtu kwa macho yako.

Wavu ukitoka kwenye kiunzi bado si machela. Kila upande hupewa nyuzi ndefu za ncha, ambazo wenyewe huziita mikono, zinazopokea mikunjo ya wavu na kuikusanya hadi kwenye kitanzi kimoja kilichofungwa kwa kuzungushiwa uzi mara nyingi, kikakazwa kabisa. Mikono hii lazima ilingane. Mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake, ndio utakaobeba kabla ya wengine na ndio utakaokatika kwanza.

Mikono hiyo pia inamsaidia mnunuzi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu inahesabika. Ishike karibu na kitanzi, ipanue, uhesabu jozi zake. Machela ya mtu mmoja huwa na jozi kama 50. Ya watu wawili huwa na jozi kama 100, ile inayoitwa ya wanandoa 150, na ya familia 175 au zaidi. Wauzaji wa barabarani huzipa machela zao majina wapendavyo, hasa mbele ya mgeni, na jina la kubwa hupachikwa ndogo bila haya. Jozi ndizo za kuaminiwa. Fanya pia hesabu ya chini kabisa: jozi 150 ni nyuzi 300, na machela ya kawaida ina urefu wa kama mita 4 kutoka kitanzi hadi kitanzi. Ukizinyoosha nyuzi hizo tu umevuka kilomita moja, kabla hujahesabu misokoto wala pindo. Hizo ni mita 1,200 zilizopita kati ya vidole vya mtu mmoja.

Halafu pima wavu wenyewe bila mikono. Mtu ashike upande mmoja, wewe ushike wa pili, uvutwe bila kulazimishwa. Urefu wake uwe angalau sawa na kimo cha mlalaji. Kuna machela zinazofumwa wavu mfupi na kupewa mikono mirefu ili zionekane kubwa zikining'inia dukani, kwa sababu mikono huhitaji uzi mchache na muda mchache. Ukilala humo, visigino vitakuwa hewani.

Ushauri wangu, hata kwa anayeishi peke yake, ni kununua ile ya wanandoa. Sababu yake iko katika namna ya kulala. Wengi wetu tukipewa machela hulala kwa urefu wake, kichwa ncha moja na miguu ncha ya pili, mgongo ukapinda, kidevu kikagusa kifua. Baada ya nusu saa tunasema kitu hiki hakifai. Wenyeji wa Yucatán hulala mshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande wa pili, wengine karibu na kukingama kabisa. Ukilala hivyo wavu hutandazika chini yako na mgongo ukanyooka karibu kama kitandani. Lakini mshazari unahitaji upana. Machela nyembamba humlazimisha mtu arudi kwenye mstari wa katikati. Hizo jozi za ziada humpa mtu mmoja mgongo ulionyooka.

Kuhusu uzi, zamani hapakuwa na shida ya kuchagua. Machela za Yucatán zilifumwa kwa pamba, au kwa singa za mimea ya jamii ya mkonge iliyojaa nchini humo. Jani lilikwanguliwa kwa ubao hadi nyama yake itoke, singa zikaanikwa juani hadi ziwe nyeupe, kisha zikasokotwa kwa kuviringishwa juu ya paja. Wanawake wa Jambiani na Makunduchi, wanaofukia makumbi ya nazi mchangani na kuyafukua baada ya miezi ili wasokote usumba kwa viganja, wangeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Na mkonge ndio unaotuunganisha na nchi hiyo ya mbali. Mmea tunaouona ukipangwa mistari na mistari kutoka Korogwe hadi Pangani ulitoka huko. Jina lake la kitaalamu, Agave sisalana, linatokana na Sisal, bandari ndogo ya Yucatán. Katika miaka ya 1830 Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani kule Campeche, aliipeleka mimea hiyo Florida. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa ajili ya koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa, korona za kukwangulia majani, reli ndogo za kuyabebea, na maelfu ya manamba, vibarua wa mkataba, waliotoka pembe zote za nchi na nchi jirani. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka, na ilikuwa ya kwanza duniani.

Lakini ulikuja mmea peke yake, ukaja bila ufundi. Kule Yucatán mimea ya jamii ya mkonge iliishi maisha mawili: mashamba ya matajiri yaliipeleka ng'ambo kuwa kamba za kufungia mavuno ya ngano ya Marekani, na nyumbani wanawake wakaifuma vitanda. Tanga ilipokea maisha ya kwanza tu. Jani moja la mkonge lina singa kama 1,000, zikiwa ni asilimia 4 hivi ya uzito wake, na kwa miaka zaidi ya 100 singa hizo zimepita mikononi mwa watu wa Tanga zikienda melini. Hakuna aliyekuja na kiunzi cha nguzo mbili na sindano bapa ili kuwaonyesha kwamba uzi huo unalalika. Naliona hilo kuwa hasara, na naamini halijachelewa. Watu wanaojua kuwamba kitanda kwa kamba, kusuka ukili na kushona jarife hawana mengi ya kufundishwa mbele ya kiunzi hicho. Kilichobaki ni mtu wa kuwaonyesha ule msokoto usio na fundo.

Tukirudi kwa mnunuzi wa leo, mkonge ni imara na haunyooki ovyo ukibeba, lakini ni mkavu na huchoma ngozi iliyo wazi. Ningeutumia kwa kamba za kutungikia na kuziweka mahali pasipo na maji ya kudumu, maana unyevu huuozesha. Kwa wavu wenyewe ningechagua pamba. Pamba hunywa jasho, hailii ukigeuka, na huzidi kulainika kila inapofuliwa. Ubaya wake ni kwamba huchukia mvua na ukungu. Machela ya pamba hurudishwa ndani jioni, na asiyeweza kujizoeza hilo asiinunue. Nailoni huvumilia maji na hukauka upesi, lakini jua la miezi mingi huidhoofisha, na katika joto hunata mwilini. Poliesta hustahimili jua kuliko nailoni, kwa hiyo machela ya kuachwa nje mwaka mzima kwenye bustani isiyo na kivuli na iwe ya poliesta. Kama muuzaji anaapa kwamba uzi ni pamba nawe una shaka, omba kipande kidogo ukichome. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni huyeyuka na kuganda kuwa shanga ngumu.

Nimeisifu machela ya Yucatán bila kificho, lakini si kila bustani ina joto la pwani. Brazili wana yao, ya kitambaa kizito kinachofumwa kwenye kitanda cha mfumi, chenye matamvua ya kusukwa yanayoning'inia pande zote mbili. Pero Vaz de Caminha, karani wa msafara wa Wareno uliofika huko mwaka 1500, alizieleza nyumba za wenyeji zilizokuwa na vitanda hivyo vya kutundikwa, naye akaviita kwa neno la Kireno la wavu, jina linalotumika hadi leo. Mji wa São Bento katika jimbo la Paraíba unaishi kwa kazi hiyo, na mwanachuoni Luís da Câmara Cascudo aliiandikia kitabu kizima mwaka 1959. Kitambaa hufunika mgongo na kuzuia upepo. Mtu wa Lushoto au Limuru, ambako jioni ya mwezi wa Julai hudai sweta, atafurahia machela ya Kibrazili kuliko ya nyavu.

Ile ya tatu ndiyo inayopendwa na watengeneza matangazo: wavu wa kamba uliopanuliwa kwa mbao mbili, moja kila upande, ukakaa bapa kama meza. Sifa yake huenda kwa Joshua John Ward, nahodha aliyesafirisha mchele kwa mashua katika jimbo la South Carolina, Marekani, aliyeitengeneza kwenye kisiwa cha Pawleys mwaka 1889. Alitaka kitanda chenye hewa ndani ya mashua yenye joto, na kwa mahitaji yake alifanya kazi ya busara. Ni nzuri kuitazama kwenye nyasi, na inampa nafasi anayetaka kukaa na kitabu na kikombe pembeni. Lakini ubao huinua mwili juu ya wavu badala ya kuuacha uzame ndani yake, kwa hiyo ukigeuka vibaya inakupindua. Kwa mtoto au mzee siishauri.

Ubapa huo una gharama nyingine, na inaihusu machela ya kila aina. Watu wengi huifunga machela kwa kuikaza, wakidhani kamba iliyonyooka ndiyo salama. Ni kinyume. Kamba ikishuka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka mstari wa mlalo, mtu wa kilo 80 huvuta kila upande kwa nguvu ya kilo 80. Ikikazwa hadi pembe ya nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa kilo 230. Kwa nyuzi 5 ni karibu kilo 460, na hapo kulabu hutoka ukutani, kamba hukatika, au mti mchanga huinama. Machela inataka kulegea. Iliyo na urefu wa mita 4 ifungwe mahali penye umbali wa mita 3 na kitu, kamba zikishikwa juu kidogo ya kimo cha kifua, ili mtu akikaa katikati yake awe kwenye kimo cha kiti cha kawaida.

Mti nao uchaguliwe. Mwembe ni rafiki, na mwarobaini uliokomaa pia. Shina lisiwe jembamba kuliko paja la mtu mzima. Mpapai na mgomba haifai hata kwa mtoto. Mnazi una shina imara na picha zote za hotelini huuonyesha, lakini mnazi unaozaa hudondosha nazi, kwa hiyo ama uanguliwe mara kwa mara, ama utafutwe mti mwingine. Kamba nyembamba isizungushwe moja kwa moja kwenye shina. Itakata gome, na chakula cha mti hupita hapohapo chini ya gome. Tanguliza ukanda mpana wa gunia au turubai, kisha kamba ikae juu yake.

Kuhusu bei, itazame kwa jicho la aliyefuma. Katika Yucatán mara nyingi mfanyabiashara ndiye mwenye uzi. Humpelekea mwanamke nyumbani kwake, kisha humlipa kwa kipande kilichokamilika, malipo madogo ukiyalinganisha na siku alizosimama mbele ya kiunzi. Machela ya jozi 150 inayouzwa kwa bei ya ile ya jozi 50 imepunguzwa mahali fulani, na kwa kawaida palipopunguzwa ni kwake. Ukipata nafasi ya kununua kutoka mkononi mwa mfumaji mwenyewe, Tixkokob au popote, nunua hapo, na usibishane kwa muda mrefu.

Ukishaifikisha nyumbani, ifundishe nyumba nzima namna ya kuitunza. Kabla ya kuifua, funga mikono ya kila upande kwa kipande cha kamba, la sivyo itajisokota ndani ya beseni na utaikwamua kwa siku mbili. Tumia maji baridi na sabuni nyepesi, isuuze sana, usiikamue kwa kuinyonga, ianike kivulini ikiwa imetandazwa. Vifungo, zipu na saa za mkononi ndio maadui zake wakubwa, kwa hiyo mwenye suruali ya vifungo vya chuma aibadilishe. Na uzi ukikatika usingoje. Kwa kuwa hakuna fundo la kuuzuia, mkato mmoja hulegeza macho ya jirani, nayo huwalegezea wenzao, tundu likakua kila mtu anapolala. Zitafute ncha mbili siku hiyohiyo, uunge kipande cha uzi wa aina ileile katikati yake, ukipitishe njia ileile uliyopita uzi wa kwanza, kisha ufunge fundo dogo karibu na pindo, mahali ambapo mgongo haufiki.